Kabla ya Kuachia Waya

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika waya siku aliyokufa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakinisimulia hulifikia mwishoni, wamepunguza sauti, kama mtu anayefunua sufuria isiyo yake. Hakuna haja ya kupunguza sauti. Nilishika waya wa mbele wa bawa, akaniambia niachie, nikaachia.

Bawa lenyewe ni ndege isiyo na injini. Ni mabomba mepesi, kitambaa kilichovutwa kikakaza, na pembetatu ya chuma chini yake ambayo rubani anaishika kwa mikono. Kiti hakuna. Rubani anavaa mikanda mwilini, na mgongoni kwenye mikanda ile kuna kulabu. Kulabu inaingia kwenye kitanzi kinachoning'inia katikati ya bawa. Akishaondoka ukingoni, uhai wake wote uko kwenye kulabu na kitanzi. Mikono ni ya kuongozea tu.

Aliyeyaleta mabawa mawili kwetu ni mzee mmoja wa Kagondo tunayemwita Kapteni, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi wa magari katika nchi za watu. Huko alijifunza kuruka, akarudi nayo juu ya lori, yamefungwa kwenye mifuko mirefu. Majirani walidhani ni nguzo za hema la harusi. Akakusanya vijana sita, akawa anawapeleka Muleba, juu ya Izigo, kwenye rweya, ule uwanda wa majani matupu usioota mgomba. Pale ukingo unakatika ghafla na ziwa liko mbele yako lote. Mchana upepo unatoka ziwani, unagonga ukingo, unapanda juu, na huo ndio unaobeba bawa.

Mimi niliingia kupitia cherehani. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro. Nina chumba cha kushonea Bakoba, nashona sare za shule na nguo za kipaimara. Kapteni alikuja na kitambaa kilichochanika akauliza kama naweza. Nikaweza, kitambaa na baadaye hata mikanda. Kisha nikaomba niende nione kinavyoruka, nikaenda, na tangu siku hiyo sikuwa na akili nyingine. Nilikuwa nikipinda sketi za watoto huku najiona niko juu ya ziwa, na Bukoba yote chini yangu kama vifungo vilivyomwagika. Kapteni aliniahidi kwamba kahawa ikishavunwa atanifundisha na mimi. Mpaka wakati huo nishike waya.

Kushika waya ni kazi ya kusimama mbele ya bawa, kwenye pua yake, na kulizuia lisinyanyuliwe na upepo kabla rubani hajawa tayari. Rubani akisema achia, unaachia na kulala chini, bawa linapita juu yako. Ndiyo kazi yote. Mtu yeyote anaweza, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Tulidhani kazi ya mtu yeyote haina neno la kusema.

Marehemu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alikuwa mcheshi, akiniita Fundi Mkuu wa Anga, na nilipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha. Siku ile upepo ulikuwa mzuri. Alikuwa amevaa, kulabu iko kwenye kitanzi, nilimsikia mwenyewe akiifunga. Ndipo akaja baba yake mkubwa na wageni wawili wa ukoo. Rweya ile ni ya kwao. Na mzee yule hatembei bila kikapu chake kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kwetu hakuna mgeni asiyepewa wala mtoto wa mtu anayeikataa. Unainama, unapokea kwa mikono miwili.

Mtu aliyefungwa kwenye bawa hawezi kuinama. Akafungua kulabu, akatoka chini ya bawa, akainama vizuri kama alivyolelewa, akapokea, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu zote. Akarudi anatafuna, anacheka. Akainua bawa mabegani.

Hapa naomba msomaji anielewe, maana wengi hawanielewi. Ukiwa umesimama na bawa mabegani, kitanzi kinalegea. Umefunga au hujafunga, mwili unasikia kitu kilekile. Na kichwani mwake alikuwa ameshafunga, kwa sababu kweli alikuwa ameshafunga, dakika chache nyuma.

Akasema achia.

Sitaeleza alishikilia pembetatu kwa mikono hadi wapi. Mama yake yuko hai, na siku hizi hata haya yanasomwa kwenye simu. Nitasema tu kwamba alijitahidi kwa muda mrefu kuliko nilivyojua mikono ya mtu inaweza.

*

Msibani waliniweka jikoni, mahali pa moshi. Hilo sikulalamikia. Lakini siku ya pili nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba uzi wangu ndio uliokatika. Nilikuwa namenya ndizi, kisu kikasimama. Jioni ile neno lilikuwa limeshafika barabarani, na nilipofungua chumba changu Bakoba, mama mmoja alikuja akachukua sare ya mwanawe haijakamilika. Akasema ataimalizia mwenyewe kwa mkono. Wengine walikuwa wa taratibu zaidi, walisema siku yake ilikuwa imefika, Mungu kampenda zaidi. Hao ndio walionikasirisha kuliko yule wa sare. Yule wa sare angalau alitaka kujua kitu gani kilikatika.

Kapteni aliniletea bawa na mikanda nirekebishe, kwa sababu hakuna mwingine wa kurekebisha. Nilifunga mlango. Nikavipitia kwa vidole, mshono kwa mshono. Kitambaa kilikuwa kimechanwa na migomba kilipoangukia, bomba moja limepinda. Lakini kitanzi kilikuwa kizima. Mikanda mizima. Kulabu mdomo umefungwa bila kitu ndani yake, safi, haina hata mkwaruzo. Hakuna kilichokatika popote. Nikakaa chini sakafuni, na hapo ndipo kikapu cha akamwani kikanijia machoni, na mikono yake miwili.

Nitasema ukweli, dakika ya kwanza nilifurahi. Sio uzi wangu. Dakika ya pili nikakumbuka nani alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama usoni anavyorudi anatafuna.

Mikanda ile ilihitaji uzi mpya hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imelowa. Nikaenda mjini kwa Mhindi wa nyuzi, duka ambalo mtaa mzima sasa limebaki peke yake kati ya yale ya zamani. Nimenunua kwake miaka, na kila mara hukata kipande cha uzi, anakizungushia vidoleni, anakivuta mbele yangu mpaka uso wake unakuwa mwekundu. Siku hiyo nikamuuliza kwa nini haniamini mimi wala uzi wake. Akasema, "Binti, mimi navuta ili wewe uone. Mimi nimeshaona." Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yangu tayari.

*

Miezi mitatu baadaye Kapteni alituita nyumbani kwake. Alitaka kuanza tena. Kulikuwa na Jumapili moja imepangwa, wageni kutoka wilayani na wapiga picha waje waone, na atakayeruka ni mdogo wa marehemu. Kijana mwenyewe alikuwepo, amekaa karibu na mlango, na tangu msiba alikuwa hajanisalimia. Baba mkubwa naye alialikwa, kama mwenye ardhi. Kwa hiyo walikuwepo wote.

Kapteni alisema tumepoteza mwenzetu kwa upepo mbaya, tuombe, tuendelee. Wakaomba. Nikaomba na mimi. Walipokaa nikabaki nimesimama.

Nilisema upepo ulikuwa mzuri. Nikaeleza kulabu, nikaeleza kitanzi, nikaeleza kwamba alifungua ili asalimie na hakufunga tena. Nikasema ninataka vitu viwili tu. Mtu akishafungwa kwenye bawa, asisalimiwe wala asisalimie mtu, na akifungua kwa sababu yoyote, aanze upya kila kitu. Na kabla ya kuachia waya, pembetatu ikiwa imekaa chini, mshika waya amwone rubani amejilaza akining'inia kwa kulabu yake, miguu juu ya nyasi. Kulabu ikiwepo inamshika. Isipokuwepo anaangukia tumbo, anachafuka fulana, basi.

Kisha kijana mmoja wa kikundi akacheka puani. "Wewe umeruka wapi, fundi? Juu ya cherehani?"

Wakacheka kidogo, wale waliokuwa wanatafuta nafasi ya kucheka. Kapteni hakucheka. Alisema rubani ni mtu mzima, hapimwi na mshika waya, na kwamba kumlaza mtu chini mbele ya wageni ni kumfanya mtoto mchanga. Alisema huko alikojifunza kila mtu alijiangalia mwenyewe. Nikamuuliza kama huko kulikuwa na akamwani.

Hilo sikupaswa kulisema. Baba mkubwa alikuwa akitazama fimbo yake, akainua kichwa polepole.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mtoto wa mdogo wangu. Kwa kahawa."

"Hapana, waitu," nikasema. Ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa kwa heshima. "Mimi ndiye niliyeachia waya. Nilimwona akifungua, sikumwona akifunga, na nikaachia."

"Unajua unachofanya? Unasafisha uzi wako kwa jina langu."

"Uzi ni mzima, baba. Njoo uushike."

"Sishiki." Akasimama. "Mtoto wa Kihaya apite mbele ya wakubwa zake amekaza shingo kama mbuzi, eti amefungwa. Kwenye rweya yangu. Hao wageni watasema tumewalea wapi?"

Mdogo wa marehemu alinipita akitoka nje kumsindikiza mzee. Hakusimama. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba kaka yake alikuwa akinitetea sana, na kwamba sasa anaona alikuwa mjinga.

Nilitembea kwa miguu kutoka Kagondo mpaka Bakoba. Njiani nilikuwa nawatukana wote mmoja mmoja kwa sauti, na mwenye bodaboda aliyepunguza mwendo ili anipakie akaongeza tena.

*

Kwa nini walinipa waya tena? Kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Vijana wale wote mashujaa, wanaoruka kutoka ukingoni wanaimba, hakuna hata mmoja aliyekubali kusimama mahali niliposimama. Waya ule ulikuwa umeshapata jina. Kapteni alinipigia simu Jumamosi, sauti kavu. Nije nishike waya, nifunge mdomo. Nikifunga mdomo ahadi yake ya kunifundisha ipo palepale. Nilisema ndiyo, na nilimaanisha. Nilitaka kuruka, jamani. Nilitaka sana.

Jumapili baada ya misa ya pili rweya ilikuwa imejaa. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa. Nilikuwa nimekuja na kamba ya katani, nikaitandaza kwenye nyasi kuzunguka bawa, na kwa yeyote aliyesogea nikasema kwa heshima abaki nje ya kamba. Kapteni aliiona, akaiacha, kwa sababu kwenye picha kamba inaonekana kama mpangilio.

Mdogo wa marehemu alivaa mikanda. Alijifunga. Nilimwona. Nikaenda mbele nikashika waya, upepo unanisukuma kifuani, na nikawa namshukuru Mungu kwamba mara hii inakwenda.

Ndipo baba mkubwa akavuka kamba.

Hakuvuka kwa bahati mbaya. Aliinua mguu juu yake, polepole, na fimbo, mbele ya wageni wote, na kikapu mkononi. Alisimama pembeni ya bawa akamtazama mtoto wa mdogo wake, akangoja. Na mimi namwelewa sasa, nilimwelewa hata wakati ule kidogo. Kama kijana asingeinama, basi maana yake kahawa ile ni sumu, na watu wote wameona.

Kijana akafungua. Akatoka. Akainama kuliko hata kaka yake. Wageni wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya shughuli.

Aliporudi chini ya bawa, bawa lenyewe liliyumba, nikalazimika kuinamia waya kwa uzito wangu wote. Nilipoinua macho alikuwa ameshainua mabomba mabegani. Sikuona mikono yake ilipita wapi. Pengine alifunga. Pengine hakufunga. Sikuona.

"Achia," akasema.

"Umefunga?"

"Nimefunga. Achia."

Kaka yake naye ningemuuliza angejibu hivyo hivyo, kwa roho safi.

"Lala nione," nikasema.

Alinitazama kama nimemtemea mate. Akarudia achia, kwa sauti ya chini, akiongeza na neno ambalo siliandiki. Nikasema tena alale. Kapteni akaja mbio, akaniambia upepo unapita, wageni wanatazama, niachie mara moja. Nikamwambia siachii. Alinishika kiganja akaanza kufungua vidole vyangu kimoja kimoja, na nilipomwambia kwamba akinivuta pua ya bawa itapinduka, alijua nasema kweli, akaniacha. Baba mkubwa aliniita kitu kwa Kihaya ambacho hata wanywa rubisi huwa hawakitamki wakiwa hawajalewa. Simu zote zilikuwa zimeinuliwa, zinanipiga picha.

"Utashika mpaka lini?" Kapteni akauliza.

"Mpaka alale."

"Ukitoka hapa hutarudi. Unanielewa? Kuruka usahau."

Nilielewa. Machozi yalikuwa yanatoka, na yalikuwa ya kuruka, sitadanganya. Yalikuwa ya lile ziwa lote ambalo sitaliona kutoka juu. Lakini vidole vilikuwa vimekaza vyenyewe, na sina hakika kama ningeweza kuachia hata ningetaka.

Kijana akalala. Hakulala kwa kukubali, alijitupa mbele kwa hasira kama mtoto anayejitupa sakafuni, apate kunimaliza.

Kulabu ikamshika. Mikanda ikakaza, akabembea kiganja kimoja juu ya nyasi, mzima, anaelea.

Alikuwa amefunga.

Rweya yote ilicheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo nikiwa napiga pasi. Kijana alisimama, majani kwenye nywele. "Umeona?"

"Nimeona," nikasema. "Nenda."

Nikaachia waya, nikalala chini, bawa likapita juu yangu na kivuli chake, na aliondoka ukingoni vizuri sana, vizuri kama kaka yake.

*

Watu hawakungoja atue. Walianza kunifokea nikiwa bado nimelala kifudifudi. Kapteni aliniambia niache kamba yangu pale niondoke, na vifaa vyote vilivyoko Bakoba atatuma mtu. Yule kijana aliyenicheka kwa cherehani aliigiza nilivyokuwa nimeung'ang'ania waya, kakodoa macho, na alifanya vizuri, hata mimi ningecheka. Mgeni mmoja aliuliza kama mimi ni mgonjwa. Akajibiwa ndiyo.

Nilikaa kwenye nyasi pembeni, nikawa najiuliza kama nimefanya jambo la kijinga, kwa maana alikuwa amefunga. Hakukuwa na kitu. Nimepoteza kila nilichokuwa nacho kwa ajili ya kuona kitu ambacho tayari kilikuwepo.

Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, ametua chini kwenye uwanja wa shule. Sijui namba yangu aliipata wapi, labda kwenye simu ya kaka yake.

Hakuanza kwa salamu. Alianza na mama yangu. Alisema nimemwaibisha mbele ya wilaya nzima, kwamba nimemfanya alambe majani, kwamba mimi ni nuksi na cherehani yangu ni nuksi, na kwamba msichana wa sifuri kama mimi hana la kumwambia mtu. Alikuwa anahema, upepo unapuliza kwenye simu, na watoto wa shule wanapiga kelele nyuma yake. Alisema siku nyingine nikitaka kumlaza, nimlaze wageni hawajafika. Kisha akaanza upya, na mama yangu.

Niliweka spika ili nimsikie vizuri. Sauti yake ikatapakaa pale kwenye nyasi, na waliokuwa wakinifokea wakanyamaza mmoja mmoja wasikilize anavyonitukana.

Baba mkubwa alisogea karibu na fimbo yake. Alisimama juu yangu muda mrefu, shingo imeinama kuelekea kwenye simu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, waitu."

"Mbona anapiga kelele hivyo?"

"Amekasirika, baba."

"Ah," akasema. Akakaa chini kwenye nyasi, si karibu nami sana, akaendelea kusikiliza.